Mdogo wangu ana cheti cha uchomeleaji na mguu bandia, kila karakana inasema "tutakupigia"

Kaka_Ipuli (Tabora)

Wakuu, habari za humu. Naomba mawazo, na kama kuna mwenye karakana au mtu aliyepita njia hii mwenyewe, huyo ndiye ninayemtafuta hasa.

Mdogo wangu ana miaka 26. Alikuwa bodaboda hapa mjini, fuso likamgonga barabara ya Sikonge, mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Alipopona, ukoo tukachanga, akaenda chuo cha ufundi nje ya mkoa kusomea uchomeleaji. Kafaulu. Cheti tumekitolea nakala mpaka mwenye steshenari anatuuliza hali ya mama. Mguu bandia anao, anatembea, mgeni anaweza asijue mpaka apande ngazi.

Sasa kazi. Tumezunguka karakana za Ng'ambo, Kiloleni na Cheyo. Hakuna hata mmoja aliyetamka kwamba hataki mlemavu. Wanampokea vizuri, wanamwita fundi, wanakisoma cheti mbele na nyuma ambako hakuna maandishi, halafu "acha namba, tutakupigia". Kuna mmoja alinivuta mimi pembeni akanishikisha elfu tano, "ya soda ya kijana". Dogo aliona. Tulirudi nyumbani hatuongei.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama anataka akasome kompyuta "akae ofisini". Baba mdogo anasema tumfungulie genge la mkaa. Mimi nafikiria arudi chuo achukue ngazi ya pili. Hela niliyonayo inatosha jambo moja tu. Kwa mnaojua: ni kitu gani hasa kinachomfanya mtu kama huyu apate kazi na adumu nayo? Dua tunazo za kutosha, naomba mbinu.

Mzee_wa_Isevya

Kijana, sheria ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Nendeni na sheria mkononi, wasiwachezee.

Karakana_Nzega

Shikamoo mzee. Sheria naikubali, ila hesabu haifiki kwetu. Mimi nina vijana saba, jirani yangu wanne. Hiyo asilimia 3 inamhusu mwenye kiwanda, halmashauri, kampuni za tumbaku. Akienda kwa mwenye banda la mabati na mashine mbili ameshika sheria, ataambiwa karibu chai na ndiyo imeisha hiyo.

Kaka_Ipuli, nikwambie ukweli kutoka upande wa pili wa meza, maana umetaka mwenye karakana. Na kwanza, hiyo meza yenyewe hatuna. Kazi zetu nyingi zinafanyika chini, sakafuni. Unapanga skwea paipu, unachuchumaa, unashikiza kona kwa nukta moja ya moto, unapima mshazari, unageuza, unachuchumaa upande wa pili. Geti la futi kumi na mbili linabebwa na watu wanne kupakiwa kwenye kirikuu. Mwenye karakana akimwona kijana mwenye mguu bandia, kabla hajafikiria cheti, anaiona hiyo picha ya kuchuchumaa na kubeba. Hawezi kukuuliza "huyu atachuchumaaje?" kwa sababu anaona atakukosea adabu. Anasema atapiga simu.

Halafu kuna malipo. Vijana wangu wanalipwa kwa oda. Geti likitoka wanagawana. Mmoja akichelewa, wenzake ndio wanaolalamika, sio mimi. Na la tatu, akiangukiwa na chuma watu watasema nilimtumikisha mlemavu.

Cheti hakinionyeshi mkono wa mtu. Nipe vipande viwili nikuone unavyofunga kona, unavyosaga na grainda pasionekane kovu. Mdogo wako amewahi kuombwa achomelee mbele ya hao mafundi? Au mlikuwa mnaongea tu?

Kaka_Ipuli (Tabora)

Hajawahi kuombwa hata mara moja. Na asante kwa kunyoosha maneno. Kuchuchumaa kweli hawezi muda mrefu. Chuoni walikuwa na meza za chuma za kufanyia kazi, alikuwa anasimama au anakalia stuli.

Fundi_Mwanga (Kigoma)

Mdogo wangu wa Ipuli, pole kwa mizunguko. Mimi ni mama mtu mzima, nashona hapa Mwanga karibu na soko. Polio ilinishika miguu yote miwili nikiwa sijaanza shule, natembea na magongo. Vijana wamepita mikononi mwangu, wenye ulemavu na wasio nao, kwa hiyo nasema kwa niliyoyaona, mengine wataongeza wasomi.

Nianze na ngazi ya pili. Aache kwanza. Cheti cha pili kitasomwa mbele na nyuma kama hiki cha kwanza, na hela yako itakuwa imekwisha. Tatizo la dogo haliko darasani. Liko kati ya geti la chuo na mlango wa karakana, na hapo katikati vyuo vingi vinamwachia mtu mkono. Anakabidhiwa cheti, anapigwa picha na mgeni rasmi, basi linaondoka.

Mimi nilipomaliza, mwalimu wetu wa ushonaji alinichukua mwenyewe akanipeleka kwa fundi mmoja mwanamume, mkali kweli, sare za shule zilikuwa zimemzidi. Siku ya kwanza tu nikakwama. Cherehani zake zote zilikuwa za kukanyaga, mimi chuoni nilitumia ya kuzungusha kwa mkono. Yule fundi akasema, "Mwalimu, huyu binti simwezi." Ningekuwa peke yangu ningeokota magongo yangu nikarudi nyumbani, na leo mngesema yule dada alishindwa kazi. Mwalimu akaomba wiki. Wakaifunga mota kwenye cherehani moja, halafu ile pedali ya mota, ambayo kila mtu anaiweka chini, wakaipandisha juu wakaikaza kwa vipande vya mbao kwenye ukingo wa meza, upande wa kulia. Nikawa naibonyeza kwa kiwiko, mikono yote miwili iko kwenye kitambaa. Mwanzoni mshono ulikuwa unaruka hovyo, kiwiko hakina adabu kama mguu. Nikazoea. Mpaka leo nashona hivyo hivyo, na suruali ya kaunda suti naitoa sawa na yeyote hapa sokoni.

Kilichonipa kazi pale hakikuwa huruma ya fundi, huruma hakuwa nayo. Ni kwamba alikuwepo mtu wa kusimama katikati yetu siku zile za mwanzo, na mtu huyo aliijua kazi, akajua kipi kibadilishwe. Mwalimu aliendelea kupita kwa miezi, mara anamsikiliza fundi, mara ananisikiliza mimi, kila mtu kivyake. Fundi alimwambia mambo ambayo mimi asingeniambia, mfano kwamba nachelewa asubuhi. Nilikuwa nachelewa kwa sababu njia ilikuwa na tope na magongo yanazama.

Kwa hiyo tafuteni mtu wa namna hiyo. Kama mwalimu wa chuo chake anaweza kuja Tabora hata siku mbili, hela yako ilipie nauli yake na chakula chake. Kama hawezi, fundi yeyote mwenye jina mnayefahamiana naye. Wewe usiwe huyo mtu. Samahani nikikuuma: umevutwa wewe pembeni kupewa elfu tano kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unaongea. Fundi akiona kijana wa miaka 26 anaongelewa na kaka yake, anajua ameletewa mgonjwa.

La pili, meza. Mwenzetu wa Nzega amekutajia ugonjwa na dawa bila kujua. Kama kazi inafanyika chini na dogo hawezi chini, basi kazi ipandishwe juu. Mchomeleaji anatengeneza meza yake mwenyewe kwa skwea paipu na bamba chakavu! Aitengeneze kwa kimo chake, aende nayo. Hapo hapo kazi ya mkono wake imeonekana, hakuna haja ya kumweleza mtu habari za cheti.

Swali langu: kabla ya ajali, pale kijiweni, alikuwa mtu wa namna gani? Alijulikana?

Kaka_Ipuli (Tabora)

Dada yangu shikamoo. Maneno ya elfu tano yameingia, nimeyapokea.

Alijulikana mno. Kijiwe cha stendi alikuwa mtunza hela wao. Mpaka leo tukipita mjini anaitwa kila kona, wenye nyumba, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, walimu.

Fundi_Mwanga (Kigoma)

Marahaba. Basi huyo hajaanza sifuri. Karakana inaishi kwa oda. Kijana anayejua nani anajenga Ipuli na nani amefikia kuweka grili ni mtu wa faida. Aingie kwa mlango huo: anachomelea, na anakuja na wateja. Watu wakishaona mguu wanamsahau mtu aliyekuwepo kabla ya ajali. Nyie ndugu msimsahau.

Msomaji_Ustawi

Naunga mkono dada wa Kigoma na niongeze kidogo, maana haya ndiyo niliyosomea. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 159 wa 1983 unasema lengo la marekebisho ya kikazi, yaani huduma za kumsaidia mwenye ulemavu aingie kazini, ni mtu apate kazi inayomfaa, adumu nayo, na apande ndani yake. Mambo matatu. Vyuo vyetu vingi huhesabu waliohitimu, jambo ambalo hata kwenye hayo matatu halimo.

Marekani, ambako sheria ya sasa ya huduma hizi ilianzia 1973, faili la mtu halifungwi kuwa limefanikiwa mpaka awe amekaa kazini siku 90. Tafiti za kule zinaporudi kuangalia nani alipata kazi na nani alikosa, huduma mbili zinajirudia: kutafutiwa kazi na mtu anayejua soko la kazi, na kusaidiwa akiwa tayari yuko kazini. Aliyewahi kufanya kazi kabla ya ulemavu naye ana nafasi nzuri zaidi, kwa hiyo swali la kijiwe halikuwa la umbeya.

Halafu jimbo la New Hampshire, miaka ya 1990, wataalamu waliokuwa wakihudumia wenye maradhi makubwa ya akili waligeuza utaratibu mzima. Zamani ilikuwa mfundishe kwanza, akiwa tayari ndipo umtafutie kazi. Wao wakamtafutia kazi ya kweli mapema, mafunzo na msaada vikamfuata kule kule kazini. Walipopimwa kwa kulinganishwa na utaratibu wa zamani, wao ndio waliopata watu wengi zaidi kazini. Ndicho alichofanyiwa dada na mwalimu wake, ila yeye hakupewa jina la kitaalamu.

Tofauti moja na kwetu: kule baadhi ya watu huogopa kuajiriwa kwa sababu wakipata mshahara wanapunguziwa posho ya serikali. Hapa hofu hiyo haipo, posho yenyewe iko wapi. Hapa nimeona hofu ya nyumbani, mama anaogopa mwanaye ataumia kazini.

Na Karakana_Nzega, kuhusu kuumia: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa waajiri wote wa Bara, mdogo kwa mkubwa, na mfanyakazi mwenye ulemavu anahesabiwa kama mfanyakazi mwingine yeyote. Jisajili, hofu itapungua, hata kwa hao saba ulionao.

Karakana_Nzega

Nimeshika. Hapo kwenye saba umenipata.

Miguu_na_Viungo

Mimi ni wa mazoezi tiba, hospitali fulani kanda ya magharibi. Jambo moja ambalo wote mmelipita: huo mguu bandia alitengenezewa lini?

Kisiki, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, hupungua unene baada ya kukatwa, hasa ule mwaka wa kwanza na kuendelea kidogo. Soketi, ile sehemu ya mguu bandia kisiki kinamoingia, iliyokuwa inabana vizuri inalegea, kisiki kinazama na kuchezacheza ndani, ngozi inachubuka. Mtu anaongeza soksi, inafika mahali soksi hazitoshi, inatakiwa soketi nyingine. Sasa mchukue huyo umsimamishe karibu na moto, joto la Tabora la Oktoba, jasho ndani ya soketi, kutwa nzima. Wiki ya pili ana kidonda. Wiki ya tatu haji kazini. Fundi anasema "nilijua tu", na hakuna anayejua kwamba kilichomtoa kazini ni soksi.

Kabla hajaanza popote aonane na fundi viungo, yule anayetengeneza miguu bandia, aingie na buti anazovaa kazini, maana kimo cha kisigino kikibadilika mkao wote unabadilika. Awe na soksi za kubadilisha mchana. Jioni avue, akiangalie kisiki kwa kioo, aoshe. Stuli isiwe ya aibu, akae kila kazi inaporuhusu. Na cheche: suruali ya jinzi nzito au ngao ya ngozi, sponji la nje la mguu bandia linashika moto, na upande ule hahisi kuungua.

Kaka_Ipuli (Tabora)

Daktari, hili la soksi limenitoa jasho mimi. Nimemuuliza muda huu huu. Anavaa tatu, na anasema jioni "unapiga kelele" akitembea. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Miguu_na_Viungo

Sio daktari mkuu, ila asante. Tatu na kelele, hiyo soketi ni kubwa. Hela yako ianzie hapo.

Mzee_wa_Isevya

Na mikopo ya halmashauri je? Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Haina riba. Ilisimamishwa 2023, imesharudi. Anunue mashine yake.

Fundi_Mwanga (Kigoma)

Mzee wangu shikamoo, mikopo hiyo ni mizuri na mimi nimeila, ovaloki yangu imetoka huko. Lakini niliikopa nikiwa na wateja tayari. Kumpa mkopo mtu ambaye hajakaa karakanani hata msimu mmoja ni kumpa deni lenye waya wa umeme. Ajue kwanza bei za vyuma, ajue mteja anayelipa nusu na kutoroka, ajue kukadiria geti bila kula hasara. Aende ofisi ya maendeleo ya jamii ajiandikishe na aulizie masharti, maana kwa wenye ulemavu sharti la kikundi ni jepesi kuliko la vijana. Kukopa kungoje.

Mkaa wa baba mdogo simshauri. Sio kwamba ni kazi mbaya. Ni kwamba mtaalamu wa vyuma akiwekwa kwenye mkaa, ndugu wanapumua kwamba wamemweka mahali, na hakuna atakayehangaika tena. Nimeona vijana wazuri Ujiji wamewekwa mahali.

Angalieni pia nauli. Kulikuwa na binti kiziwi hapa kwangu, mshono wake safi, nilimtengea daftari la kuandikiana na wateja na nikajifunza ishara za vipimo: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Lugha haikutushinda. Alikuwa anatoka mbali, mvua ikinyesha ni bodaboda kwenda na kurudi, jioni anabaki na hela ya nyanya. Akaacha. Nilipoelewa alikuwa ameshaolewa Kasulu. Ipuli na Ng'ambo mnajua wenyewe, pigeni hesabu ya nauli kwa mwezi kabla ya kufurahia.

Kaka_Ipuli (Tabora)

Jamani, nimerudi na mrejesho kwa ambao wanafuatilia.

Soketi mpya imetengenezwa, imekula sehemu kubwa ya akiba, sijuti. Mama kanuna kuhusu kompyuta lakini ameshona ngao ya ngozi mwenyewe kutoka mkoba wa zamani.

Meza ameitengeneza. Alikodi mashine kwa jirani, akachukua skwea paipu chakavu na bamba lililotoka kwenye tangi la maji. Ina kimo cha nyonga yake akiwa amesimama, na chini ameweka bomba la kupumzishia mguu mzima. Pembeni kachomelea pete mbili za kushikia paipu ili asihitaji mtu wa kumshikia. Wenzake wa kijiweni wameipakia kwenye guta, yeye mbele na mimi sikwenda, kama nilivyoagizwa. Aliyemsindikiza ni fundi mmoja mzee anayetutengenezea baiskeli, wanafahamiana na mwenye karakana moja ya Ng'ambo.

Mwenye karakana aliizunguka meza, akaipigapiga kwa nyundo kwenye maungio, akauliza "nani kachomelea hii?" Wamekubaliana hivi: mwezi wa kwanza analipwa kwa madirisha na grili, kwa kipande, mageti makubwa atashiriki kuchomelea tu, kubeba hahusiki. Oda yoyote anayoileta mwenyewe ana fungu lake. Fundi baiskeli atakuwa anapita kila Jumamosi.

Swali langu la mwisho: vijana wengine wa pale wameanza kuipenda hiyo meza, hata wenye miguu yote miwili mizima. Mwenye karakana anasema ibaki pale iwe ya karakana, atatoa kidogo. Tukubali?

Karakana_Nzega

Hapana. Waitumie, lakini iwe ya dogo. Siku wakishindana anaondoka na meza yake kwenda karakana nyingine.

Fundi_Mwanga (Kigoma)

Na muandikishane, mdogo wangu, hata kwenye karatasi ya daftari, fundi baiskeli awe shahidi. Huyo mwenye karakana akitaka meza, dogo amtengenezee ya pili na amtoze bei ya mteja.